Nani Alichora Uso Huu?

Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili wanaume Waafrika katika nchi hii ambayo bado haikuwa ikiitwa Kenya. Vita Kuu ya Kwanza iliichelewesha, kwa hiyo kazi yenyewe ikaanza kama mwaka 1919 na 1920, askari walipokuwa wamerudi na masetla wakililia vibarua. Kila mwanamume Mwafrika aliyefikisha miaka 16 alitakiwa kubeba karatasi. Juu yake kuliandikwa jina, kabila, mahali atokako, na chini yake alama za vidole. Kisha nafasi ya mwajiri: aliajiriwa lini, analipwa ngapi, ameachishwa lini. Karatasi ilikunjwa ikatiwa kwenye kijikopo cha chuma, na kijikopo kikaning'inizwa shingoni kwa kamba. Wakikuyu walikifananisha na kengele ya mbuzi. Sisi sote tulikiita kipande, na hadi leo mzee wa Gesima akikuuliza kitambulisho chako kiko wapi atasema, "Kipande umebeba?"

Naanza na kipande kwa sababu nataka kuzungumza kuhusu gemu. Vumilia kidogo.

Ukifungua gemu yoyote ya mtandaoni leo, kabla hujapiga risasi hata moja, unaombwa uunde mhusika. Chagua mwanamume au mwanamke. Chagua rangi ya ngozi, nywele, macho. Andika jina. Huyo ndiye avata wako, mfano wako uliowekwa mahali ambapo mwili wako hauwezi kufika. Sasa hebu rudi kwenye kile kijikopo. Nakala ya alama za vidole za kibarua ilikuwa Nairobi, ofisini, ambako yeye mwenyewe pengine hajawahi kukanyaga. Kule alikuwepo mtu mwenye jina lake, kabila lake, mshahara wake na makosa yake. Mtu huyo wa karatasi ndiye serikali ilimwamini. Kibarua akikimbia shamba kabla mwajiri hajatia sahihi ya kumwachilia, yule wa karatasi alimshtaki yule wa nyama. Tofauti ni moja tu: kibarua hakuulizwa achague nini.

Ndiyo maana naona historia ya avata huanza mbali kidogo na kompyuta. Inaanza pale fomu inapochapishwa, na swali lake la kwanza ni nani ameishika kalamu.

Kushuka

Neno lenyewe ni la Kisanskriti, *avatara*, na maana yake ni kushuka. Katika imani ya Kihindu ni mungu anayeshuka duniani akiwa amevaa umbo jingine, hasa Vishnu, ambaye mashuka yake maarufu huhesabiwa kuwa kumi. Mungu anakuwa samaki, kobe, nguruwe mwitu, mfalme. Neno hilo likaazimwa na watu wa kompyuta, na ukifikiri vizuri utaona walilipindua: sasa anayeshuka ni kijana mwenye bando la siku moja.

Kabla ya neno, kulikuwa na tendo. Mwaka 1974 Wamarekani wawili, Gary Gygax na Dave Arneson, walitoa gemu ya mezani iitwayo Dungeons & Dragons. Haikuwa na skrini. Ulirusha dadu tatu, ukajumlisha, ukaandika namba kwenye karatasi: nguvu, akili, hekima, ustahimilivu, wepesi, mvuto. Mambo sita, na hayo ndiyo yaliyokuwa mtu. Karibu kila gemu unayoijua leo yenye mhusika wa "leveli" imekunywa kwenye kisima hicho.

Mwaka 1978 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, Roy Trubshaw, alianza kuandika programu aliyoiita MUD, na mwenzake Richard Bartle akaiendeleza. Ilikuwa dunia ya maneno matupu. Hakuna picha hata moja. Uliingia, ukataja jina lako, ukasema wewe ni wa kiume au wa kike, ukaanza kusoma ulichokiona na kuandika ulichotaka kufanya. Nani angejua ulivyo? Ulikuwa vile ulivyoandika. Mimi ninayeishi kwa kuandika napenda sana kipindi hiki cha historia, kwa sababu kwa miaka michache pua ya mtu mtandaoni ilitegemea msamiati wake.

Mwaka 1985 Richard Garriott akatoa Ultima IV: Quest of the Avatar. Humo hukuchagua sura kabisa. Mwanamke mpiga ramli alikuuliza maswali magumu: kati ya uaminifu na huruma ungeshika lipi? Kati ya ushujaa na haki? Majibu yako ndiyo yaliyokufanya kuwa mtu wa aina fulani. Garriott alitaka mchezaji awe ndani ya gemu yeye mwenyewe, na dhamiri yake, asijifiche nyuma ya kikaragosi. Lengo la safari yote lilikuwa kufikia wema, na jina la aliyefika lilikuwa Avatar.

Karibu wakati uleule kampuni ya Lucasfilm ilikuwa inajenga Habitat, dunia iliyofikiwa kwa kompyuta ya Commodore 64 kupitia laini ya simu. Chip Morningstar na Randy Farmer, walioiongoza kazi hiyo, waliwaita watu wa skrini avata. Kule miili ilifanana, lakini kichwa kilikuwa kitu cha kununua. Ungeweza kukivua, kukishika mkononi, kukibadilisha. Vichwa adimu vikawa mali ya kuringia. Kwa hiyo tangu siku za mwanzo kabisa za avata wa picha, sura ilikuwa bidhaa yenye bei, na uzuri wake ulitokana na kwamba wengine hawana.

Wasio na pesa za uso

Mwandishi Neal Stephenson aliliona hili mapema. Katika riwaya yake Snow Crash ya mwaka 1992, watu huingia katika dunia ya kidijitali wakiwa na avata. Tajiri au fundi hujitengenezea uso wake. Asiyejua hununua uso wa dukani, uliokwisha kutengenezwa: wa kike anaitwa Brandy, wa kiume Clint. Na yule anayeingia kwa mashine ya umma anaonekana kwa rangi nyeusi na nyeupe, amechakaachakaa, ili kila mtu ajue hana kwake.

Sasa njoo Gesima. Wadi yetu iko Kitutu Masaba, kaunti ya Nyamira, ambayo mpaka mwisho wa miaka ya 1980 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Kisii. Ni nchi ya chai na ndizi, vilima vimeshonwa vishamba vidogovidogo, na umeme ukipotea unajua kwa sababu vijana wote wanatoka nje kwa wakati mmoja. Hapa gemu inayochezwa sana na wadogo zangu ni Free Fire, iliyotolewa na Garena ya Singapore mwaka 2017. Sababu si siri. Ilitengenezwa iweze kukimbia kwenye simu ya bei ya chini, yenye kumbukumbu ndogo, ile inayopitishwa kutoka kwa kaka mkubwa hadi kwa mdogo ikiwa na ufa kwenye kioo.

Ukiingia Free Fire bila kulipa chochote unapewa watu wawili: Adam na Eve. Ndiyo, Adamu na Hawa. Hawana uwezo wowote wa pekee. Wengine, wenye majina na hadithi zao, wana vipaji: huyu anakimbia haraka, yule anajitibu. Kuwavika mara nyingi kunataka almasi, na almasi zinataka M-Pesa. Kwa hiyo uwanjani ukimwona mtu amevaa fulana ya mwanzo unajua hali yake ya nyumbani kabla hajasema neno. Adamu na Hawa wako uchi kabisa, bana, kama kwenye Mwanzo.

Jambo hili si la Gesima peke yake. Mwaka 2019 Kamishna wa Watoto wa Uingereza alitoa ripoti kuhusu watoto na gemu, na humo watoto walieleza kuwa kuitwa "difolti" limekuwa tusi: maana yake wewe ni maskini, huna hata ngozi ya kununua. Watoto wa nchi tajiri, kwenye gemu ya bure, wamejenga upya matabaka ya mtaani kwao.

Nina mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, amemaliza kidato cha nne na anasubiri. Siku za chai anachuma, majani yanapimwa kituoni, na pesa zake zikifika sehemu fulani inaenda kwenye almasi. Likizo moja alinunua nywele. Si za kichwani kwake, za yule wa kwenye simu. Mamake alipiga kelele boma zima likasikia: chumvi hakuna, wewe unanunulia kivuli nywele! Mama mdogo ana haki yake, na mimi sitamfundisha mtu bei ya chumvi. Lakini nilimuuliza kijana mwenyewe, kwa upole, kwani alikuwa anatafuta nini. Akanijibu, "Brathe, nilichoka kufanana na kila mtu aliyefukuzwa."

Nimelifikiria jibu hilo siku nyingi. Kwani sisi tulikuwa tunatafuta nini studio?

Koti la studio

Mama yangu ana picha moja ya ujana wake, ilipigwa studio fulani Keroka. Amevaa koti la rangi ya kahawia lenye mabega makubwa, nyuma yake kuna pazia lenye maporomoko ya maji, pembeni ua la plastiki. Koti lilikuwa la mpiga picha. Lilining'inia msumarini, na wasichana wote wa siku ile walilivaa kwa zamu. Ukikusanya picha za mama na rafiki zake utaliona koti lilelile likisafiri kutoka bega hadi bega.

Likoni, Mombasa, katika miaka ya 1990, wapiga picha wa kando ya feri walifanya sanaa kubwa ya jambo hili. Walijenga vibanda na kuchora mandhari: meli, ndege, majumba ya ghorofa, bustani ambazo hazipo. Wateja wao wengi walikuwa watu wa bara waliokuja pwani kutafuta kazi. Mtu aliyesukuma mkokoteni asubuhi alipigwa picha jioni akiwa mbele ya ndege, na picha ile ikatumwa nyumbani. Mtafiti Mjerumani Heike Behrend ameziandikia kwa kina. Huku ushago hakuna aliyedhani kwamba kijana kweli amepanda ndege. Picha ilisema kitu kingine: bado niko safarini, msinihesabu kwa mkokoteni.

Kwa hiyo yule mdogo wangu hajaleta upuuzi mgeni. Kipande kilimwambia Mwafrika, "Wewe ni hivi." Studio ikamwuliza, "Ungependa kuwa vipi?" Na kipande kilipopigwa vita, hakikupigwa kwa sababu ya uzito wa chuma. Mwaka 1921 na 1922 Harry Thuku na wenzake walikiweka mbele ya malalamiko yao. Thuku alikamatwa Machi 14, 1922, na siku mbili baadaye polisi wakafyatulia risasi umati Nairobi, Mary Muthoni Nyanjiru akiwa miongoni mwa waliouawa. Kijikopo kile kiliendelea hadi mwaka 1947, ulipoletwa usajili wa watu wa rangi zote. Wanawake walianza kusajiliwa kwa vitambulisho mwishoni mwa miaka ya 1970. Mama yangu, kwa hesabu hiyo, alikaribia kuwa na picha ya studio kabla ya kuwa na sura serikalini.

Pua inatoka wapi

Turudi kwenye skrini, kwa sababu kuna uongo mdogo pale tunapoambiwa "tengeneza mhusika wako." Hutengenezi. Unachagua kutoka kwenye droo alizojaza mtu mwingine.

Kazi yenyewe inaenda hivi. Msanii wa kampuni huunda kichwa kimoja cha msingi, wavu wa maelfu ya vitone vilivyounganishwa kwa pembetatu. Kisha anaunda vichwa vingine kwa kuvuta wavu uleule: pua nyembamba kabisa, pua pana kabisa, mdomo mdogo, mdomo mkubwa. Kile kijistari unachosukuma kushoto na kulia kinakusafirisha kati ya ncha hizo mbili. Ukiona pua ya babu yako haipatikani hata ukisukuma mpaka mwisho, hakuna hitilafu. Aliyeweka ncha hakumfikiria babu yako.

Ngozi nayo ina historia yake. Zamani za filamu ya picha, maabara zilitumia kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe ili kupima kama rangi zimetoka sawa. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mwanamke wa kwanza aliyepigwa picha kwa kazi hiyo pale Kodak. Rangi zikimtoka vizuri Shirley, basi zimetoka vizuri kwa dunia. Watu weusi kwenye picha hizohizo walibaki meno na macho. Wanaoieleza historia hiyo husema kampuni ilianza kusikia pale wauzaji wa samani na wa chokoleti walipolalamika kwamba rangi za mbao zao na peremende zao hazitofautishwi. Yaani kahawia ya kabati ilipata mtetezi kabla ya kahawia ya mtu.

Mwaka 2015 vile vikatuni vya hisia tunavyotumiana kwenye simu vilipewa rangi tano za ngozi. Kipimo kilichotumika kilitoka kwa daktari wa ngozi Thomas Fitzpatrick, aliyekiunda mwaka 1975 kupima jinsi ngozi inavyoungua juani. The Sims 4, gemu ambayo kazi yake kubwa ni kuunda watu, ilitoka mwaka 2014, lakini ni Desemba 2020 ndipo ilipoongeza rangi mpya za ngozi zaidi ya mia moja, baada ya wachezaji weusi kulalamika kwa miaka kwamba ngozi zao zinatoka kama zimemwagiwa majivu.

Nywele ni ngumu zaidi. Njia ya kawaida ya kuchora nywele kwenye gemu ni kupanga vipande bapa vyenye picha ya nyuzi, kama majani ya mgomba yaliyolazwa juu ya paa. Hiyo inafaa nywele zinazoanguka. Nywele zetu hazianguki, zinajikunja na kusimama, zinataka njia nyingine na muda mwingine. Kwa kuwa vifaa vilizaliwa vikitumikia nywele za aina moja, nyingine zikaitwa "ngumu kutengeneza," msemo ambao dada zetu wameusikia saluni maisha yao yote. Msanii na profesa A.M. Darke wa Marekani ameanzisha maktaba ya bure ya nywele za Kiafrika za vipimo vitatu, zilizotengenezwa na wasanii weusi, ili studio isiwe tena na kisingizio.

Hapa Kenya pia watu wamejaribu kushika kalamu. Kabla simu za mguso hazijaenea kwetu, Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi, ambayo mhusika wake mkuu ni msichana wa Kiafrika. Mwaka 2009 yeye na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha Leti Arts, wakitengeneza vibonzo na gemu za mashujaa wa bara hili. Mwaka 2015 Black Division Games wa Nairobi wakatoa Nairobi X, ambamo viumbe wa anga wanalivamia jiji letu. Hizi si gemu zilizotikisa dunia. Lakini katika kila moja kuna mtu aliyekaa mbele ya wavu wa pembetatu akaweka ncha akimfikiria babu yake.

Jina la babu

Sehemu moja ya fomu imebaki, na kwetu Gusii ndiyo iliyo nzito kuliko zote. Jina.

Majina yetu mengi ni habari. Kwamboka ni kuvuka, Nyanchera ni wa njiani, Nyaboke ni wa asali. Mengine ni watu. Mtoto anapewa jina la marehemu wa ukoo, na zamani mtoto akiugua bila sababu familia ilikwenda kwa *omoragori*, mpiga ramli, kuuliza ni nani kati ya waliotangulia anataka kuitwa. Wazee walisadiki kwamba *ebirecha*, roho za waliokufa, hazipendi kusahauliwa. Nikisoma maana ya neno avatara, kushuka kwa mkubwa ndani ya umbo jipya, huwa nasema moyoni: haya tunayajua. Hatukuwa na mashine tu.

Wamisionari, Wakatoliki na Wasabato, walipofika Gusii katika miaka ya mwanzo ya 1910, wakaongeza jina la ubatizo. Fomu za serikali zikaongeza mstari wa jina la baba. Lakini wazee nao hawakukaa kimya wakiandikwa tu. Yule ofisa wa Kiingereza aliyewekwa Kisii, Geoffry Northcote, ambaye Otenyo alimchoma mkuki Januari 1908 akapona, na ambaye miaka 29 baadaye alikuwa gavana wa Hong Kong, Abagusii hawakumwita Northcote. Walimwita Nyarigoti. Walilikunja jina lake likaingia katika mdomo wao, akawa mtu wa hadithi zao. Kwao alishuka kwa sura waliyomchagulia wao.

Yule mdogo wangu kwenye gemu anatumia jina la babu yetu. Lina nyota mbili pembeni na mstari katikati, maana jina tupu lilikuwa limeshachukuliwa na mtu mwingine huko duniani, na hilo lilimuuma sana. Babu alifariki yeye akiwa mdogo, hamkumbuki. Jioni moja magokoro alimuuliza anachezea nini, naye akamwonyesha. Magokoro akavaa miwani, akamtazama yule kijana mwenye nywele za kununua na bunduki mgongoni, na jina la mume wake likielea juu ya kichwa.

"*Omogaka one* ndiye huyu?" aliuliza. Mzee wangu ndiye huyu?

"Ndiye, magokoro."

"Na leo amekufa mara ngapi?"

Kijana akacheka, akasema mara tisa. Magokoro hakucheka. Akasema, "Mpumzishe kidogo. Yule aliugua sana."

Kisha akaanza kueleza. Kwamba babu aliwahi kufanya kazi Kericho kwenye chai ya wazungu. Kwamba alikuwa na kovu hapa, chini ya jicho. Kwamba hakuwa mrefu hivyo, na hakuwa na haraka hivyo, na nywele zake alizinyoa zote. Mdogo wangu alisikiliza simu ikiwa imezima mkononi. Mimi ninayejiita mwandishi wa historia nilikuwa sijawahi kusikia habari ya kovu.

Mwenye fomu

Kuna jambo sitaki tulipite. Avata si wako. Soma yale masharti marefu ambayo sote tunayabonyeza bila kusoma: akaunti ni ya kampuni, wewe umepewa ruhusa ya kuitumia. Wakiifunga, nywele ulizochumia chai zinafungwa nazo, pamoja na jina la babu yako. Mwajiri wa mwaka 1925 alihitaji kalamu kukuharibia kipande. Leo inatosha programu.

Hili nalijua kwa njia yangu. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya karo. Mtandao wa wanafunzi una mimi mwingine, mwenye namba ya usajili, alama zake na deni lake. Siku moja niliingiza neno la siri likakataa. Hakuna aliyeniita ofisini. Yule wa kwenye mfumo aliacha kuwepo, na mimi niliyekuwa nimeshika simu nikajikuta simo popote pa kuthibitisha kwamba niliwahi kusoma.

Na siku hizi wanaotaka miili yetu wamepita hatua ya picha. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni Nairobi, KICC, kupigwa picha ya mboni ya jicho na mradi wa Worldcoin, wakipewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya kama shilingi 7,000. Agosti mwaka huo serikali ikausimamisha, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data zile za miili zifutwe. Waliopanga foleni walichekwa sana mitandaoni. Mimi sikuwacheka. Mtu ambaye maisha yake yote amejazishwa fomu bure, siku atakayoambiwa atalipwa kwa kujaza moja, atajaza.

Basi nashauri nini? Si kwamba vijana wa Gesima waache gemu. Wala si kwamba wanunue nywele kabla ya chumvi. Nasema ile skrini ya "unda mhusika" isomwe kama tunavyopaswa kusoma kipande: ni waraka wa kihistoria, una mwandishi, una mwaka, una watu aliowafikiria na aliowasahau. Na waraka huweza kuandikwa upya na watu wengine. Programu ya Blender, inayotumiwa na mafundi kuchonga vichwa vya gemu, ni ya bure. Maktaba ya nywele ya Darke ni ya bure. Kinachogharimu huku kwetu ni kompyuta ya kuiendesha, umeme usiopotea, na bando.

Mdogo wangu amepata kompyuta ya kutumia saa mbili kila Jumamosi kwa mtu wa saiba, kwa malipo ya kumfagilia. Ameanza na kichwa. Ameniambia macho yamemshinda kabisa, pua inaelekea, na kovu amelifanya mara nne kwa sababu magokoro kila akionyeshwa anasema liko juu mno.